Mwaka wa Mkulima Hauanzi Januari

Kila Desemba ikaribiapo kwisha, sisi tukaao Malolo husikia neno moja likitoka pande zote: mwaka mpya, mambo mapya. Laandikwa katika kalenda za dukani, latumwa kwa simu, lasemwa na vijana walioketi kijiweni na wazee walioketi chini ya mbuyu. Twasema wazi tangu mwanzo ya kuwa neno hili hatulipendi. Si kwamba twachukia mambo mapya, bali neno hili limekuwa kama pazia. Nyuma yake hufanyika mambo yale yale ya zamani, na Januari ikifika pazia huondolewa, kila nyumba ikajiona ilivyo.

Tuyataje mambo hayo. Juma la pili la Desemba mtu huenda kwa mchuuzi kuomba fedha ya sikukuu. Mazao yake yako shambani bado, pengine hata kitaluni bado. Mchuuzi hakatai, tena hukaribisha kwa uso wa furaha, maana biashara iliyo nyepesi kuliko zote ni kumnunulia mtu mwenye haraka kitu ambacho hajakivuna. Tuseme amepewa shilingi 120,000 kwa ahadi ya magunia matatu ya vitunguu. Siku ya kuvuna gunia lauzwa shilingi 80,000. Basi amelipa shilingi 240,000 kwa kukopa shilingi 120,000, na muda wenyewe ni miezi minne tu. Hakuna benki yoyote ithubutuyo kuandika riba ya namna hiyo ukutani mwake. Huko Kagera wakulima wa kahawa walikuwa na desturi ya kuuza kahawa ingali ua, nao huiita butura, na serikali imeikataza mara nyingi. Kwetu mwenye kuuza hivyo husema kwamba amesaidiwa.

Tena magunia hayo matatu si magunia ya sheria. Sheria ya Vipimo na kanuni zake zasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo upo tangu mwaka 2002 kuangalia jambo hilo. Lakini nani asiyeijua lumbesa? Gunia hujazwa mpaka mdomo, kisha hushonewa kichwa cha wavu juu yake, nacho hujazwa pia. Likiwa na kilo 130, magunia matatu yana kilo 390, yaani mkulima ametoa magunia manne kasoro kidogo kwa jina la magunia matatu. Mwenye deni hana kinywa cha kukataa lumbesa. Mwenye kuuza akiwa hana deni aweza kusema, "Pima, au rudi na lori lako tupu." Hii ndiyo sababu twapigana na deni la Desemba kwanza, kabla ya kupigana na lumbesa.

Kisha huja Januari, na shule zafunguliwa. Serikali iliondoa ada katika shule za sekondari tangu Januari 2016 hata kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Jambo hilo ni jema kubwa, wala hatukubaliani na wale walibezao. Lakini ada haikuwa sare, wala viatu, wala daftari, wala godoro la mtoto akaaye mbali na shule. Mtoto aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza huonekana nyumbani juma la kwanza, na la pili, na la tatu. Ukiuliza, waambiwa kwamba baba "anajipanga." Neno hili nalo limekuwa la ajabu. Zamani kujipanga kulikuwa kazi ya kabla ya safari. Siku hizi watu hujipanga baada ya gari kuondoka. Mtoto afikaye shule Machi huwakuta wenzake wamekwisha kujifunza misingi ya hesabu na ya Kiingereza, naye huufuata mwaka wote kwa nyuma kama mtu akimbiliaye basi. Wengine hawafiki kabisa, na hao ndio tuandikao kwa ajili yao.

Watu huilaumu Januari. Husema ni mwezi mrefu, mwezi wa njaa. Januari ina siku 31. Desemba nayo ina siku 31, wala hatujasikia mtu akiinung'unikia urefu wake. Kwa mtu wa mshahara malalamiko haya yana sababu kidogo, maana mara nyingi hulipwa mapema kabla ya Krismasi, akangoja siku nyingi mpaka malipo yafuatayo. Lakini mkulima halipwi mwisho wa mwezi. Ameazima manung'uniko ya ofisini bila kuazima mshahara wake.

Hapa ndipo penye kosa, kwa maoni yetu. Watu wa shambani wamefundishwa kuupanga mwaka kwa kalenda isiyo yao. Januari si mwanzo wa kitu chochote shambani. Mvua zimekwisha kuanza Novemba au Desemba. Januari mtu yumo katikati ya palizi, ghala limepungua, na mfuko u mtupu. Kumwambia mtu wa namna hiyo akae siku ya kwanza ya Januari akapange matumizi yake ni kama kumwambia aliyekwisha kula apange namna ya kugawa nyama.

Wala si jambo geni watu kuwa na mwaka wao. Serikali yenyewe huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai, wala haioni aibu. Huko Makunduchi, Unguja, watu husherehekea Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, nao ni mwaka wa hesabu ya jua uliotoka kwa Waajemi. Mwaka wa Kiislamu huanza Muharram, nao hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka ukilinganishwa na kalenda ya Januari. Na sisi sote tusemao Kiswahili twahesabu saa tangu kuchomoza kwa jua: jua likisha toka twasema saa moja, ingawa saa za wazungu zasema saba. Basi, kama saa yetu twaihesabu tangu nuru ituangazapo, mbona mwaka wetu tusiuhesabu tangu ghala lijaapo?

Twataka siku ya kuupanga mwaka iwe siku ya mavuno, fedha ingali mezani na mahindi yangali uani. Siku hiyo ndiyo mtu ana kitu cha kupanga. Akae na watu wa nyumba yake, wahesabu kwanza chakula. Tuseme nyumba ya watu sita yala kilo 2 za unga kwa siku: kwa mwaka ni kilo 730, yaani magunia saba ya kilo 100 na zaidi kidogo, na mwenye kukoboa mahindi aongeze kwa ajili ya pumba. Magunia hayo yasiuzwe hata mchuuzi akilia machozi. Yatiwe katika mifuko ile ya tabaka tatu iitwayo kinga njaa, ikafungwa sana hewa isiingie, maana dumuzi aliyeingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 hana huruma na mahindi yaliyomwagwa tu darini. Baada ya chakula, mbegu na mbolea. Baada ya hizo, sare na viatu, vinunuliwe vingali rahisi dukani, si siku ambayo kila mzazi wa Kilosa na Mikumi avitaka. Kilichobaki ndicho cha sikukuu, nacho kiliwe kwa furaha. Sisi si adui wa pilau.

Twajua wako wasemao, "Mipango si matumizi." Ni kweli, na methali hii hutumiwa sana na wale wasio na mipango wala matumizi. Wengine husema, "Maskini hana cha kupanga." Neno hili latuuma zaidi, kwa kuwa husemwa kwa upole kana kwamba ni huruma. Tajiri akikosea hesabu hupunguza faida. Maskini akikosea hesabu humtoa mtoto shule. Basi nani kati ya hao wawili aihitajiye hesabu? Mwalimu Nyerere alisema mwaka 1969, alipokuwa akiueleza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, kwamba kupanga ni kuchagua. Alisema hivyo juu ya nchi iliyokuwa maskini, wala hakungoja itajirike kwanza.

Lakini lawama yetu si juu ya wakulima peke yao. Wako wanenaji wajao na magari kutufundisha uwekaji akiba. Huchora ubaoni duara lenye vipande: chakula, nguo, akiba, dharura, kila mwezi hivi na hivi. Wasikilizaji hupiga makofi, hula wali, wakaenda zao. Mtu apataye fedha mara moja au mbili kwa mwaka atafanya nini na duara la kila mwezi? Sisi walimu, tulipwao kwa mwezi, hatuna haki ya kumvisha mkulima kanzu iliyokatwa kwa kipimo chetu. Kitunguu hakijui mwisho wa mwezi. Hukaa kitaluni majuma sita mpaka manane, kisha hukaa shambani miezi mitatu au minne na pengine zaidi, basi yote karibu nusu mwaka. Hiyo ndiyo hesabu ya kuchora ubaoni: atakaye kuuza mwezi fulani, ahesabu miezi sita nyuma, na hapo apande mbegu.

Na hapa twafika penye jambo ambalo mtu mmoja hawezi kulitengeneza peke yake. Bonde letu lina maji ya mto Mwega, na skimu ya umwagiliaji iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nyuma ya Mikumi, ambako barabara kuu ya kwenda Iringa hupita katika bonde la mibuyu, nchi ni kavu. Mtu akitoka huko akaona mashamba ya kijani hudhani ameota. Tuna neema ambayo wengi hawana. Je, twaifanyia nini? Wote hupanda pamoja, wote huvuna pamoja, malori huja pamoja, na bei huanguka siku ile ile. Kisha twasema soko ni baya. Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka 2013 yawapa wamwagiliaji nafasi ya kuwa na chama chao. Chama hicho chagawa zamu za maji. Mwenye kugawa zamu za maji ashindwa nini kugawa zamu za kupanda? Siku ya kusafisha mfereji, watu wote wakiwa na majembe mkononi, ndiyo siku ya mwaka mpya kwetu, tena ina watu wengi kuliko mkutano wowote.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawapendi liandikwe, nasi twaliandika. Mke hupandikiza, hupalilia, hukata majani ya vitunguu na kuvichambua. Siku ya kuuza hutumwa kuteka maji. Bei huisikia kwa jirani. Kisha Januari huulizwa na watoto habari za daftari, naye hana jibu, maana hakuwapo palipokuwa na fedha. Nyumba ambayo mmoja ahesabu na mwingine aficha haina mpango, hata ikiwa na kalenda tano ukutani. Twasema kwamba gunia lisipakiwe katika lori mpaka wote wawili wamesikia bei. Mume aonaye kwamba jambo hili lampunguzia heshima na atueleze ni heshima gani hiyo iwezayo kuharibiwa na hesabu.

Na vikundi vya akiba, hasa VICOBA, vyatusaidia sana, wala wengi wa kina mama wasingekuwa na hata mbuzi bila hivyo. Lakini vikundi vingi huvunja mzunguko na kugawana Desemba. Kwa nini Desemba? Kwa sababu ya sikukuu! Mwaka mzima wanachama hununua hisa kwa jasho, wakakabidhiwa fedha zao juma lile lile ambalo kila duka, kila bia na kila kitenge vyawaita kwa jina. Januari mama yule yule aliyegawiwa huenda kukopa kwa watu wa kausha damu, nao humwendea mlangoni kila juma mpaka achukuliwe kitanda. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yavitaka vikundi viandikishwe, na hilo ni jema. Lakini tarehe ya kugawana huamuliwa na wanachama wenyewe. Yaweza kuhamishwa kwa kura ya jioni moja. Sisi twataka ihamishwe iwe juma la kwanza la Januari, kabla ya shule kufunguliwa, au iwe mwezi wa kununua mbegu, kila kikundi kichague.

Tumeambiwa kwamba wanachama hawatakubali, kwa kuwa watu hawawezi kukaa Krismasi bila fedha. Labda. Lakini hatujaona kikundi kilichoulizwa. Kwa hiyo twaomba kwamba mkutano ujao wa kusafisha mfereji uwe na maswali mawili tu: zamu za kupanda, na tarehe ya kugawana. Wenye kupinga na waje na hesabu zao. Sisi tutakuja na zetu, zimeandikwa katika daftari la kurasa 80, nalo litawekwa juu ya meza asome atakaye.