Kisukari na Miguu Iliyostaafu

Katika miaka ya 2007 na 2008 matabibu wa macho walizunguka mitaa na vijiji vya Nakuru wakiwapima watu waliotimiza umri wa miaka 50 na kuendelea, muradi wao ukiwa ni kujua maradhi gani huwapofusha wazee wa nchi hii. Na kwa kuwa jicho ni miongoni mwa viungo vinavyoharibiwa na kisukari na shinikizo la damu, walipima na hayo pia. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2010 na Daktari Wanjiku Mathenge pamoja na wenzake, yalistahili kutushtua kuliko yalivyotushtua: katika watu 4,396 waliopimwa, nusu walikuwa na shinikizo la damu na asilimia 6.6 walikuwa na kisukari, na wakazi wa mjini walikuwa wameshikwa zaidi kuliko ndugu zao wa mashambani.

Mtu akisikia habari hizi, aghalabu hukimbilia kulaumu chakula: chapati, soda, na chai iliyotiwa sukari mpaka kijiko kikasimama. Sikatai kwamba chakula kina sehemu yake. Lakini naona mdomo umekwisha kulaumiwa vya kutosha, ilhali miguu, ambayo mjini imestaafu kabla ya mwenyewe kustaafu, haijaulizwa neno.

Damu yote ya mtu mzima mwenye siha, aliyeamka asubuhi wala hajatia kitu kinywani, huwa na sukari ya gramu nne au tano tu, yaani kadiri ya kijiko kimoja cha chai. Sahani ya ugali ikishasagwa tumboni huleta sukari nyingi mara kadha wa kadha kuliko hiyo, nayo sharti ipate pa kwenda upesi, kwani ikidumu katika damu huharibu mishipa ya jicho, ya figo na ya mguu. Ini huweka akiba ya gramu 100 hivi. Misuli huweka 400 au zaidi. Basi msuli ndio ghala letu kuu, na ghala hilo lina milango miwili. Wa mbele hufunguliwa na insulini itokayo katika kongosho: insulini ikibisha, mahamali waliolala ndani ya chembe ya msuli, ambao wataalamu huwaita GLUT4, huamka wakapanda hadi ukutani, wakaipokea sukari na kuiingiza. Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kilichoenea, mlango huu umekuwa mzito. Kongosho hubisha kwa nguvu zaidi mwaka baada ya mwaka, hata nayo ikachoka. Lakini mlango wa nyuma hauhitaji insulini. Msuli unapojikunja na kujikunjua, kazi yenyewe huwaamsha mahamali wale wale, na la kumshukuru Mola ni kwamba mlango huu hufunguka hata kwa mgonjwa ambaye ule wa mbele umemkwamia. Fauka ya hayo, akiba iliyotumika huacha nafasi inayodai kujazwa, na kwa muda wa siku moja, hata mbili, msuli huisikia insulini vyema kuliko kawaida yake. Kisha athari hiyo hufifia. Ndiyo maana atokaye jasho Jumamosi tu, akakaa kitini hadi Jumamosi nyingine, amejinufaisha kwa siku chache akazipoteza zilizosalia.

Anayedumu katika kazi hiyo hupata na jingine. Mwaka 1967 John Holloszy, mtaalamu wa St. Louis huko Marekani, aliwakimbiza panya kwa majuma kadhaa, akakuta kwamba uwezo wa mitokondria za misuli yao, ambazo ndizo huchoma sukari na mafuta yakawa nguvu, umeongezeka takriban maradufu. Msuli uliozoezwa, kwa hiyo, hupokea zaidi na hutumia zaidi, hata mwenyewe akiwa amekaa.

Mtazame msukuma mkokoteni atokaye Soko la Wakulima na magunia ya viazi vya Molo: ameinama hata kifua kimekaribia mti wa mkokoteni, mashavu ya miguu yamekaza, na kila gurudumu likikwama shimoni huvuta pumzi na kusukuma kwa paja lote. Saa saba atakula kibandani ugali mkubwa na chai tamu, na kando yake atakaa karani wa ofisini aliyeagiza sahani iliyo sawa na yake. Kisha mmoja atarudi kwenye mkokoteni, na mwingine atapanda boda boda kwenda mahali ambapo angefika kwa miguu kwa dakika kumi. Simtamanii mtu yeyote maisha ya mkokoteni, yenye ujira haba na mgongo unaouma. Nasema tu kwamba sahani ile moja imeingia katika miili miwili isiyofanana.

Huku Bonde la Ufa tuna kiburi cha kusema kwamba sisi ni taifa la wakimbiaji, kana kwamba mbio za kijana wa Iten zitaichoma sukari ya mzee wa Milimani. Msomi wa Uswidi, Bengt Saltin, alikuja kuwachunguza wakimbiaji wetu, na mwaka 1995 yeye na wenzake walichapisha kwamba aina za nyuzi za misuli yao hazikutofautiana na za Waskandinavia. Tena vijana wa vijijini waliozoea kutembea na kukimbia walikuwa na uwezo wa kutumia hewa uliowapita kwa mbali wenzao wasiojishughulisha. Kwa fahamu zangu, huo ni ushahidi kwamba sehemu kubwa ya sifa hiyo hutafutwa kwa miguu, na asiyeitafuta hataikuta katika nasaba. Na kuhusu kisukari chenyewe, huko Da Qing, nchini China, watu waliokuwa ukingoni mwake walianza kufuatiliwa mwaka 1986. Waliopewa mazoezi peke yake, baada ya miaka sita, hatari yao ilipungua kwa karibu nusu.

Nakuru ilitunukiwa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Tangu hapo hadi sasa, atokaye Kaptembwo au Rhonda kwa miguu hushindana na magari yaliyoegeshwa palipopasa kuwa njia yake, na mvua ikinyesha huchagua baina ya matope na lami ya matatu. Siwalaumu vijana wa boda boda, wanaotafuta riziki ya halali. Lakini jiji lisilompa mtu pa kutembea limemsukuma kwenye pikipiki kwa mkono wake lenyewe. Kupanda Menengai Jumapili alfajiri ni jambo zuri kwa wenye wasaa. Mama muuza mboga wa Bondeni hana wasaa huo, ila ana safari ya kila siku ya kwenda na kurudi, na safari hiyo ndiyo ya kulindwa kwa njia pana, taa na kivuli.

Nina dai na kwa zahanati. Mgonjwa huandikiwa vidonge kwa idadi na saa, kisha mlangoni huambiwa “fanya mazoezi”, basi. Kwani mazoezi nayo hayana kipimo? Shirika la Afya Duniani hutaja dakika 150 kwa juma za mwendo wa haraka, pamoja na kazi ya kutia misuli nguvu mara mbili, na jambo hili la pili lina uzito kwa wazee, ambao misuli yao hupungua kila mwaka upitao. Huko New Zealand mwaka 2016 watafiti waliwaambia wagonjwa wa kisukari watembee dakika kumi baada ya kila mlo, na sukari ifuatayo mlo ikashuka kwa asilimia 12 kuliko walipotembea dakika 30 kwa mkupuo wakati wowote waupendao. Hadhari nayo iandikwe: atumiaye insulini au glibenklamidi aweza kuishiwa sukari njiani, basi achukue kitu kitamu mfukoni, na aliyekufa ganzi nyayo azikague kila arudipo. Katika daftari ambalo mgonjwa huja nalo kliniki huandikwa sukari, shinikizo na uzito wake. Na iongezwe safu ya dakika alizotembea, naye muuguzi amuulize habari zake kila ajapo kama amuulizavyo habari za vidonge.