Macho Mekundu Si Dhambi



Kwaresima imefika. Tumepakwa majivu, tunafunga, na kila Ijumaa tunafanya Njia ya Msalaba. Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unataka tumwangalie bibi kizee anayekaa peke yake mwisho wa kijiji, yule ambaye watoto humkimbia kwa sababu macho yake ni mekundu.

Huku Usukumani jambo hili si la mzaha. Kwa miaka mingi, Shinyanga hadi Geita, akina mama wazee wamekatwa mapanga kwa kudhaniwa ni wachawi. Mtoto akifa au ng'ombe wakifa, watu huenda kupiga ramli, na mwenye macho mekundu ndiye hutajwa.

Je, wekundu huo umetoka wapi? Mara nyingi umetoka jikoni. Kuni ni haba, hivyo mama hupikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, katika nyumba isiyo na dirisha. Amepuliza moto huo miaka hamsini ili sisi tule ugali. Pengine ni trakoma, ugonjwa unaoenezwa kwa mikono, vitambaa na inzi. Akina mama huupata zaidi kwa sababu ndio wanaolea watoto wanaougua. Miaka ikipita, kope hugeuka ndani na kukwaruza jicho, na mwisho wake ni upofu.

Kijana akitoka shimoni Nyarugusu na macho mekundu kwa vumbi la dhahabu, tunampa pole. Bibi yake mwenye macho kama hayo tunamwita mchawi. Haki iko wapi hapo?

Jumapili ya nne ya Kwaresima, katika mwaka A, tunasoma Injili ya Yohane sura ya 9. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi. Hiyo ndiyo ramli yetu: tukiona ugonjwa, tunatafuta mwenye kosa. Yesu alilikataa swali hilo. Alimpaka tope machoni na kumtuma akanawe. Baadaye wakubwa walipomfukuza mtu yule, Yesu hakungoja aletwe, bali alimtafuta mwenyewe. Hivyo ndivyo ilivyo huruma ya Mungu: humfuata aliyetupwa nje.

Wengine watasema uchawi upo. Sitaki ubishi huo. Ninasema tu kwamba jicho jekundu ni ushahidi wa moshi au ugonjwa, si wa uchawi.

Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, nayo humwadhibu hata anayemsingizia mwenzake. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu baada ya watuhumiwa wa mauaji ya namna hii kufia mikononi mwa vyombo vya dola, Mwanza na Shinyanga. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Dola ina kazi yake. Lakini bibi huanza kuuawa kwa ulimi, na ulimi huo ni wetu.

Basi kila jumuiya ndogo ndogo ifanye haya katika Kwaresima hii:

- Mpelekeni bibi zahanati akapimwe macho. Kope zilizogeuka hurekebishwa kwa upasuaji mdogo.
- Mtoboleeni dirisha jikoni, au mjengeeni jiko lenye bomba la kutolea moshi.
- Watoto wanaweshwe uso kila siku, na kila mmoja awe na kitambaa chake. Choo kijengwe ili inzi wapungue.
- Sala ya jumuiya ifanyike nyumbani kwake, mchana, watu wote waone.
- Mkisikia anatishwa, mwambieni mwenyekiti wa kijiji na Padre siku hiyo hiyo.

Kujinyima nyama huku tunamnyima bibi salamu ni kufunga bure. Siku ya Pasaka tumwone kanisani, amekaa katikati yetu.