Mzee, Usiseme Jua Limekuchwa

Ndugu mkulima, katika miaka ya 1940 Makueni ilikuwa pori la mbung'o. Pori lilifyekwa, watu wakapewa mashamba, wakachimba matuta. Leo watoto wa watu hao wana mvi, na wengine husema, "Mimi mzee, nitampandia nani miembe?"

Maneno hayo hayafai. Mwembe wa kupandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4 tu. Chimba mashimo Septemba, futi 2 kila upande na futi 2 kwenda chini. Changanya udongo na samadi, upande mvua ya Novemba inapoanza. Mgongo ukiuma, kaa kivulini uwaelekeze vijana.

Tena iko kazi isiyotaka jembe. Waonyeshe watoto wako, wa kiume na wa kike, mipaka ya shamba na mahali ulipoweka hati. Andika wosia mbele ya mashahidi 2 wasiorithi kitu. Ukinyamaza, shamba lako litalimwa mahakamani.

Penye wazee haliharibiki neno, lakini sharti wazee wenyewe waseme. Basi anza leo, mvua haimngoji mtu.