Mwaka ukiwa mbaya, mpaka usiwe wa kwanza kufungwa

Kila Desemba inapofika, wasomaji wetu, hasa nyinyi mnaovuka mpaka na mizigo kichwani na nyinyi mliorejea nchini baada ya miaka mingi ya ukimbizi, hutuuliza swali lile lile: je, uliwahi kuwapo mwaka mbaya kama huu? Wengine hawaulizi, wanasema moja kwa moja kwamba dunia imefika mwisho. Mimi huwajibu kwa kutaja mwaka mmoja tu, 2008. Sisemi kwamba baadaye hatukuona mabaya zaidi, tumeyaona. Lakini huo ndio mwaka niliorudi Burundi, na ndio mwaka nilioanza kumwandikia mama yangu mahesabu ya biashara yake ndogo katika daftari. Kwa hiyo ninapousema ninao ushahidi wa maandishi.

Tukumbushane. Mwaka wenyewe ulianza ukiwa tayari umeharibika. Kenya ilipiga kura Desemba 27, 2007, na matokeo yalipotangazwa siku tatu baadaye nchi ikawaka. Siku ya Mwaka Mpya watu waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa moto humo humo. Mpaka Kofi Annan anawakalisha Mwai Kibaki na Raila Odinga na kuwatia saini Februari 28, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekufa. Reli iling'olewa Kibera, barabara ya Mombasa ikazibwa kwa mawe na matairi, na malori ya mafuta yakakwama. Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, ambako hakuna hata mtu mmoja aliyepiga kura ile, walianza kutafuta petroli kwa chupa.

Jumapili ya Februari 3 ardhi ilitetemeka Bukavu na ng'ambo yake Rusizi, na wengine iliwakuta wakiwa katika ibada. Aprili makombora ya FNL yaliangukia Bujumbura. Mwezi huo huo waziri mkuu wa Haiti aliondolewa kwa sababu ya ghasia za bei ya chakula. Mei, ndani ya siku kumi, kimbunga Nargis kiliwafagia watu zaidi ya 130,000 Myanmar na tetemeko likawafukia makumi ya maelfu Sichuan, China. Kabla hatujapumua, wageni walianza kuwindwa na kuuawa katika vitongoji vya Afrika Kusini; watu 62 walikufa. Julai 11 pipa la mafuta ghafi liligusa dola 147. Agosti kukawa na vita vya Georgia. Septemba 15 benki ya Lehman Brothers ilianguka na kuzikokota nyingine. Oktoba majeshi ya Laurent Nkunda yalifika kwenye milango ya Goma, na njia zote zikajaa watu wenye magodoro. Novemba Mumbai. Desemba kipindupindu cha Zimbabwe, nchi ambayo noti zake zilikuwa hazitoshi tena kuandikwa sifuri.

Katikati ya hayo yote sisi tulikuwa tunarudi nyumbani. Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972 na mimi nilizaliwa Katumba. Miaka 36 baadaye tulipanda treni hadi Kigoma, halafu malori, tukaingia kupitia Manyovu. Wenzangu mliopita njia hiyo mnakumbuka mapokezi: nyimbo, mgao wa chakula wa miezi michache, kisha swali la shamba la babu ambalo tayari lina mwenyewe. Watoto walipelekwa shule ya Kifaransa wakijua Kiswahili na Kirundi cha kambini, wakachekwa. Sitarefusha hapo, kwani kila mliorejea mna yenu ya kusimulia.

Baba alikuwa na redio ndogo ambayo hakuiruhusu iingie mkononi mwa mtu mwingine. Jioni alikuwa akisikiliza idhaa za Kiswahili kutoka London na Bonn, kisha anatutangazia sisi kana kwamba hatukusikia: China kumekufa wangapi, Marekani benki gani imefilisika. Mama alikuwa akimwacha amalize, halafu anauliza, "Na unga wa Manyovu je, wamesemaje?" Baba alikasirika. Aliona mkewe hana akili ya dunia. Imenichukua miaka kuelewa kwamba katika nyumba ile mama ndiye aliyekuwa anauliza swali la habari.

Mama alikuwa akipeleka mawese na sabuni ng'ambo, na kurudi na chumvi ya Uvinza, mchele kidogo na mahindi. Siku moja katikati ya mwaka ule alichukua magunia mawili ya mahindi kwa mali kauli kutoka kwa mwanamke wa Mnanila aliyemwamini. Thamani yake, daftari linasema, ilikuwa shilingi 52,000 za Tanzania. Akakodi baiskeli mbili. Walipofika kwenye kizuizi, kijana mwenye sare akamwambia chakula hakitoki.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Amri imekuja, mama. Shusha."

Magunia yakashushwa. Hakupewa karatasi, wala hakuambiwa yanakwenda ghala gani. Waendesha baiskeli walidai nauli yao yote, na walikuwa na haki, maana walikuwa wamekwishapanda mlima. Deni lile mama alimaliza kulilipa Oktoba 2009, kwa madumu ya mawese, kidogo kidogo. Katika miezi hiyo mdogo wangu mmoja aliacha shule, na hakurudi tena.

Naomba nisieleweke vibaya. Siwalaumu Watanzania. Nchi iliyotulea miaka 36, na ambayo baadaye iliwapa uraia ndugu zetu zaidi ya 162,000, haiwezi kuandikwa na mimi kwa kinyongo. Na serikali yoyote ina wajibu wa kuona kwanza kwamba watu wake wanakula. Ninachotaka kusema ni kuhusu amri yenyewe, ilitoka wapi na ilifanya kazi gani.

Ilitoka mbali. Mwanzoni mwa 2008 tani moja ya mchele wa Thailand ilikuwa chini ya dola 400. Ilipofika Aprili na Mei ilikuwa inakaribia dola 1,000. Mtu angedhani mashamba ya Asia yalikauka. Hayakukauka, mavuno ya mchele ya dunia hayakuwa mabaya hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba ngano na mahindi vilipanda bei, mafuta yakapanda, na wakubwa wakaogopa. India ikazuia mchele wake wa kawaida usitoke. Vietnam ikasimamisha mikataba mipya. Misri ikafunga. Ufilipino, mnunuzi mkubwa, ilipoona milango inafungwa ikakimbilia kununua kwa bei yoyote ile. Kila mmoja alijilinda, na kila aliyejilinda alimpandishia bei jirani. Kisha ikasikika kwamba Japan, iliyokuwa na mchele wa kigeni umelala maghalani, huenda ikautoa. Bei ikaanza kuteremka kabla mchele huo haujapakiwa melini. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya njaa ile ya sokoni ilitengenezwa na hofu, na hofu hiyo iliandikwa katika barua zenye mihuri.

Woga huo ulipofika kwetu ulikuwa umevaa nguo nyingine. Tanzania nayo ilizuia chakula kutoka mwaka ule. Ikazuia tena mahindi mwaka 2011, na tena 2017. Safari zote mkulima wa huko aliambiwa analindwa, na safari zote alijikuta na mahindi mengi yasiyo na mnunuzi, wakati mlaji wa upande wa pili wa kilima akinunua kwa bei ya juu. Wenye malori walipata njia za usiku. Aliyeshushwa magunia ni yule mwenye mawili.

Hapa ndipo nataka tugawanye habari mbaya mafungu mawili, jambo ambalo sisi wa magazeti hatulifanyi vizuri. Tetemeko la Bukavu halikuwa na mtu wa kuulizwa tarehe. Nargis haikutiwa saini na waziri. Lakini kufunga mpaka ni uamuzi wa mtu, una saa na una kalamu. Hata hivyo tunavichapa vyote kwa herufi za ukubwa mmoja, tena mpaka mara nyingi unatupwa ukurasa wa sita, nyuma ya benki ya New York ambayo hakuna msomaji wetu aliyewahi kuweka senti humo. Najua, kwa sababu nimekaa kwenye meza inayoamua kurasa.

Na tabia hii haikuisha na mwaka 2008. Kila mwaka unapokuwa mbaya, jambo la kwanza linalokuja kichwani mwa wakubwa ni mnyororo wa barabarani. Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ilifungwa Februari 2019 na haikufunguliwa hadi Januari 31, 2022. Wauza viazi na waosha magari wa Katuna waliokuwa wakiishi kwa barabara ile hawakuwa na ugomvi wowote na mtu. Burundi yetu iliufunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Siingii katika hoja za usalama, zina wenyewe. Naandika tu kwamba waliokuwa wakivuka kwenda kuuza, kuzika au kuoa hawakuulizwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa korona. Mwaka 2020 serikali za ukanda huu zilikubaliana, kwa busara, kwamba bidhaa zisisimame, na malori yakaendelea kupita yakiwa na madereva waliopimwa. Lakini njia za watu wa miguu zilifungwa. Kwa hiyo pale kati ya Goma na Gisenyi, ambako maelfu ya wanawake walikuwa wakivuka kila siku na nyanya, maziwa na samaki, tani thelathini za kampuni zilivuka na kilo ishirini za mwanamke hazikuvuka. Tena virusi havikuwa vimeambiwa vichague. Baadaye baadhi yao walijiunga wakachanga mizigo wakaipeleka kwa gari moja, jambo lililosaidia wenye mtaji na wenye wanunuzi wa kuaminika. Waliokuwa wakianza na kapu la mkopo wa asubuhi hawakuwa na cha kuchanga.

Kwa nini anayefungiwa ni huyu siku zote? Jibu langu ni kwamba kumfungia ni rahisi. Mwenye malori ana chama, ana wakili, ana namba ya simu ya mtu. Mama wa kapu hana hata stakabadhi ya kuonyesha kwamba alikuwapo. Anapoacha kuvuka, hakuna takwimu inayoshuka.

Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007, na tangu hapo yameandikwa mengi mazuri. Bidhaa za asili za Jumuiya zisizozidi dola 2,000 zinaweza kuvuka kwa cheti rahisi, bila wakala. Hili ni jambo jema na kila mfanyabiashara mdogo anapaswa kulidai. Lakini cheti hicho kinafanya kazi mpaka ukiwa wazi. Siku amri inapokuja, hakina maneno.

Basi ninayoomba si makubwa. Serikali ikilazimika kuzuia bidhaa fulani, itangaze siku kadhaa kabla, kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale pale, kwenye redio na kwenye ubao wa kizuizi, ili mtu aliyekwisha kununua amalize safari yake. Amri iwe na tarehe ya kuisha. Isiyo na tarehe husahaulika ikiwa imefungwa. Mzigo wa mtu wa miguu au wa baiskeli moja uachwe upite, kwani magunia ya namna hiyo hayawezi kuifilisi nchi. Lori likiruhusiwa kwa kipimo cha afya, mtu wa miguu naye apewe kipimo hicho hicho. Na ikibidi mali ishikwe, aliyeshikwa apewe karatasi yenye jina la bidhaa, uzito, tarehe na jina la aliyeshika, ili awe na mahali pa kuanzia anapokwenda kuuliza.

Hilo la mwisho ofisa anaweza kulifanya kesho asubuhi bila kungoja kikao cha mawaziri. Kalamu anayo, na kitabu cha stakabadhi hakina gharama ya kuzungumzia. Mama yangu sasa ni mzee, havuki tena, lakini daftari la 2008 bado analitunza pamoja na picha za Katumba. Ukurasa wa magunia yale mawili una bei, una jina la aliyemkopesha, una kila malipo ya deni hadi la mwisho. Pale palipopaswa kuandikwa mahindi yalikwenda wapi, niliacha nafasi nikidhani tutaambiwa.