Chambo cha kambare: usichoweza kukitia sufuriani usikitie ndoanoni

Mvua zikishaanza huku kwetu, Manonga na Isanga zikajaa na malambo yakapata maji, maswali yanayoletwa kwangu yanahama kutoka kwenye mabwawa ya sato na kwenda kwenye ndoano. Swali lenyewe ni lile lile kila mwaka: afisa, kambare anapenda chambo gani? Leo nalijibu, ila nitajibu na lile ambalo hakuna anayeniuliza, yaani hicho chambo umekitoa kwenye maji gani. Kwa ukanda wetu huu wa Geita na Shinyanga, ambapo machimbo na mito vimechanganyikana, mimi naona hilo la pili ndilo kubwa.

Tuanze na kambare mwenyewe. Macho yake ni madogo na hayamsaidii sana, hasa maji yakiwa ya tope kama yalivyo ya kwetu wakati wa masika. Anachotegemea ni zile ndevu nane mdomoni, na ngozi yake isiyo na magamba ambayo nayo inaonja. Anatembea chini, anatafuta usiku, na anakula karibu kila kitu: wadudu, konokono, samaki wadogo, mizoga, hata mbegu. Kwa hiyo chambo chake kinatakiwa kitoe harufu na kikae kwenye ndoano muda mrefu. Rangi na kung'aa mwachie anayevua kwa macho.

Wapo vijana wanaonionyesha kwenye simu video za Urusi na Marekani, watu wanavua samaki aitwaye sturgeon, yule wa mayai ya bei mbaya yanayoitwa kaviari. Ni kweli naye ana ndevu na anaokota chakula chini, lakini huku kwetu hayupo, na vyambo vya kopo wanavyotumia huvihitaji. Ulivyonavyo nyumbani vinatosha.

Cha kwanza kwangu ni minyoo. Chimba pembeni ya zizi au chini ya mgomba penye unyevu, iweke kwenye kopo na udongo wake, usiimwagie maji mengi ikafa. Usiweke mnyoo mmoja, weka fungu la minyoo mitatu minne ili ncha ziwe zinachezacheza. Udhaifu wake ni kwamba samaki wadogo wanaumaliza kabla kambare hajafika, kwa hiyo penye furu wengi utajaza ndoano usiku kucha. Hapo hamia kwenye utumbo wa kuku. Utumbo ni mgumu, unang'ang'ania ndoano, una harufu, na wauza kuku wa kuchoma wanautupa bure kila jioni. Ukiniambia nichague kimoja tu cha kulaza usiku kwenye kamba ya ndoano nyingi, nachagua utumbo wa kuku. Maini nayo ni mazuri ila ni laini, yafunge kwa uzi. Dagaa vivyo hivyo. Kumbikumbi wakitoka kambare huwachangamkia sana, lakini kwa kweli mimi kumbikumbi nawakaanga, kambare atafute vyake.

Kuna imani kwamba kambare anataka kitu kilichooza. Nusu yake ni kweli. Harufu inamvuta, lakini nyama iliyooza inaanguka kwenye ndoano ndani ya nusu saa, na wewe unabaki unasubiri ndoano tupu. Utumbo wa jana uliokaa kivulini unatosha, wa juzi wape mbwa.

Na sabuni? Hilo naulizwa kwa kunong'ona kama vile ni uchawi. Hapana, sabuni ya mche inavua kweli kwa sababu imetengenezwa kwa mafuta, na kule Ziwa Kariba wavuvi wa ndoano wanaitumia miaka mingi kwa kambare mkubwa waitaye vundu. Mimi sioni sababu ya kununua sabuni wakati utumbo ni wa bure. Sabuni kafulie.

Sasa tufike kwenye maji. Chambo kinachopatikana kirahisi kuliko vyote huku ni samaki wadogo: furu na vifaranga vya kambare. Na mahali wanapopatikana kirahisi, maji yakiwa yametuama na hakuna wa kukukataza, ni kwenye duara zilizoachwa zikajaa mvua, mitaro inayotoka kwenye makarasha, na madimbwi ya kuoshea marudio. Kambare anafika humo mwenyewe, maana anapumua hewa ya juu na anaweza kujiburuza kwenye majani mabichi usiku wa mvua. Ukikuta kambare kwenye dimbwi la marudio usiseme basi maji ni mazima. Kambare anaishi pale ambapo sato angekufa asubuhi.

Tatizo la humo ni zebaki. Ikizama kwenye tope la maji yaliyotuama, vijidudu vya humo vinaigeuza kuwa aina inayoingia mwilini kirahisi. Mdudu wa kwenye tope anabeba kidogo, furu anayekula wadudu wengi anabeba zaidi, kambare anayekula furu anabeba kuliko wote, na juu ya kambare uko wewe. Kukaanga hakuiondoi, kukausha hakuiondoi, ndimu haiiondoi. Anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, kwa sababu inashambulia ubongo unaokua. Haya hayakutungwa mezani: watafiti waliopima Rwamagasa pale Geita, kazi yao ikachapishwa mwaka 2005, walikuta samaki wa jirani na uchenjuaji wana zebaki iliyopita viwango vinavyoshauriwa kimataifa. Sangara wa ziwani waliopimwa walikuwa chini ya viwango hivyo, kwa hiyo nisieleweke kwamba samaki wote wa Geita ni sumu. Nazungumzia maji yale ya karibu na zebaki.

Utaniambia: afisa, chambo kimoja kwa usiku mmoja kitamfanya nini kambare wa mtoni? Kidogo sana, nakubali. Ila tuwe wakweli kuhusu kinachotokea nyumbani. Unarudi asubuhi na ndoo yenye furu na vifaranga waliobaki, ndoano zimekamata mbili tu, watoto wanataka kitoweo. Wale waliobaki wanakwenda wapi? Wanakwenda sufuriani. Ndiyo maana nasema, chambo ambacho ungeogopa kumpikia mkeo mjamzito usikibebe kabisa. Na penye samaki wanaoelea wamekufa karibu na mitambo ya kuchenjua kwa sayanaidi, usiokote hata mmoja, iwe kwa ndoano au kwa chungu. Toa taarifa kijijini siku hiyo hiyo.

Upande wa ziwani kuna jambo lingine, na hapa najua nitawaudhi baadhi ya jamaa zangu. Wavuvi wa sangara, kuanzia Nkome hadi Muganza, wanatafuta vifaranga vya kambare kwa sababu kambare ni mgumu, anasafiri kwenye ndoo yenye maji kidogo na anakaa hai kwenye ndoano muda mrefu akiwa anacheza. Chambo hai kizuri, sibishi. Lakini vingi vinapatikanaje? Kwa chandarua na kokoro kwenye majaruba, mabonde na midomo ya mito, tena mwanzo wa mvua, wakati ule ule kambare, ningu na wengine wanapanda kwenda kutaga. Chandarua hakichagui. Ukitaka vifaranga mia vya kambare unatoa na watoto wa sato wasiohesabika, unawamwaga ufukweni. Halafu mwezi wa nane tunakaa kwenye kikao cha BMU kulalamika samaki wamepungua. Kokoro limekatazwa Ziwa Victoria, na kuvuna chambo si kibali cha kulirudisha kwa mlango wa nyuma.

Ninachoshauri ni kufuga chambo. Mtu mwenye kijibwawa cha mita kumi kwa kumi karibu na mwalo anaweza kufanya biashara hii kuliko anavyohangaika na kambare wa mezani. Chambo kinauzwa kikiwa na urefu wa kiganja, kwa hiyo hulishi miezi mingi. Jike mmoja anatoa mayai maelfu, na kwenye maji ya joto yanaanguliwa ndani ya siku moja hadi mbili. Kinachowaangusha wengi ni kwamba vifaranga wa kambare wanalana: mmoja akiwapita wenzake kidogo tu, kesho anammeza wa jirani. Watenge kwa ukubwa kila wiki, walishe mara nyingi kidogo kidogo, funika bwawa kwa wavu dhidi ya ndege. Mbegu usitoe mtoni, nunua kwa mzalishaji anayejulikana. Ulizia kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako au Kituo cha Ukuzaji Viumbe Maji Mwamapuli kule Igunga. Kabla hujachimba, nenda mwaloni ukaulize bei ya kifaranga kimoja, na wanahitaji wangapi kwa usiku.

Wale wanaochanganya dawa ya pamba na pumba kisha wanaita chambo, hicho si chambo. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, na ng'ombe wa jirani yako wanakunywa maji hayo hayo.

Kama una mto au lambo ambalo hulijui historia yake, uliza wazee kama juu yake kuliwahi kuwa na karasha au mialo ya kuoshea dhahabu, fuata maji kwenda juu ukaangalie mwenyewe. Ukikuta, hamisha ndoano na chimba minyoo nyumbani kwako.