Maji na Tuta Hupimwa Pamoja
Ukisimama juu ya tuta la bwawa la Masinga, huku kwetu Machakos, maji ya Mto Tana huonekana yametulia tuli. Kumbe yanasukuma usiku na mchana. Bwawa hili lilikamilika mwaka 1981, lakini tuta lake, ingawa limeshindiliwa, si kitu kisichosogea. Maji yakipanda, tuta hulemewa na kusogea kidogo. Likisogea, maji huweza kupata njia mpya za kupenya. Ndiyo maana programu nzuri ya kompyuta ya kihandisi haikokotoi maji kivyake na tuta kivyake: hupeleka shinikizo la maji kwenye tuta, hurudisha msogeo wa tuta kwenye maji, na kurudia hesabu hadi pande zote mbili zipatane. Hatari yenyewe si ya kufikirika: kule Solai, Mei 2018, bwawa la udongo lilipasuka usiku, na zaidi ya watu 40 wakafa. Kinga ni bora kuliko tiba. Kila bwawa la kaunti hii, hata la kijijini, lifanyiwe hesabu hiyo, na mlinzi wake afundishwe ishara moja: maji yanayovuja chini ya tuta yakianza kutoka na tope, udongo wa ndani unaondoka. Hapo apige mbiu, asingoje kesho.