Mieleka ya kanda na mieleka ya kura

Mwezi uliopita nilirejea nyumbani, kambi ya wachuma chai nilikozaliwa, mahali fulani kati ya Kericho na Bomet, kuhudhuria mazishi ya jirani yetu wa zamani. Marehemu hakuwa mtu mashuhuri. Alikuwa karani wa kupima majani chai, na kwa miaka mingi alimiliki chumba cha video cha pekee katika kambi yetu. Waombolezaji walipokwisha kutawanyika, mjane wake aliniita kando akanionyesha masanduku mawili yaliyojaa kanda za mieleka ya Marekani. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Vitu hivi ni vya kutupa ama ni vya kuweka?"

Nilimjibu kwamba ni vya kuweka. Makala haya ni maelezo ya jibu hilo, kwani naamini kwamba swali la mama huyo linatuhusu sote wakati huu ambapo wanasiasa wameanza tena kumiminika katika nchi ya chai wakiuwania uchaguzi wa Agosti 2027.

Kwa manufaa ya vijana, sina budi kueleza chumba cha video kilikuwa nini. Kilikuwa kibanda cha mabati chenye runinga moja, mashine ya kuchezea kanda, jenereta ya kukodi na mabenchi ya mbao. Katika miaka ya tisini, siku za Jumamosi baada ya mshahara, tulilipa shilingi tano tukaingia. Humo walikaa Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo na Waluhya, magoti yakigusana kwa uhaba wa nafasi. Kwa kuwa Kiingereza cha watangazaji wa Marekani kilitupiga chenga sote, marehemu alisimama kando ya runinga akatufasiria. Yaelekea alibuni nusu ya aliyoyasema. Hata hivyo, lugha aliyotufasiria ilikuwa Kiswahili, na kwa Kiswahili ndiko tulikoshangilia, tulikozomea na tulikobishana njiani tukirudi laini zetu. Mimi niliyefikia kufundisha isimu chuo kikuu nilijifunzia humo kwamba lugha ya taifa haijengwi na sera peke yake.

Wenzangu chuoni wanapogundua kwamba mimi ni mpenzi wa mieleka hiyo, na kwamba ninazo kanda zangu mwenyewe na madaftari ya uhakiki niliyoanza kuyaandika nikiwa mvulana, hunicheka. Husema, "Daktari mzima, hujui kwamba ule ni uongo?" Najua. Wenye mchezo wenyewe walikiri kitambo. Mwaka 1989 kampuni ya Vince McMahon iliwaeleza maseneta wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yao ni burudani na wala si mashindano, ili iepuke masharti yanayowabana waandalizi wa ndondi. Mfaransa Roland Barthes, ambaye wanafunzi wa isimu humsoma kwa jasho, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1957 kwamba mieleka ni tamthilia, na kwamba mtazamaji haendi kutafuta nani mshindi bali kuona uovu, mateso na haki vikidhihirishwa waziwazi.

Kuwa tamthilia si kuwa uongo mtupu. Mnamo Mei 23, 1999, mwanamieleka Owen Hart alianguka kutoka juu ya ukumbi mjini Kansas City alipokuwa akiteremshwa ulingoni kwa kamba, akafariki. Hadithi ilikuwa imetungwa, kifo hakikutungwa. Jambo hili, msomaji, naomba uliweke akilini, maana nitalirudia.

Mpenzi wa mieleka, basi, si mjinga. Ni mtu aliyejizoeza kutazama mambo mawili kwa wakati mmoja: hadithi anayosimuliwa, na mkono unaoitunga. Nitatoa mfano wa Kamala, aliyetangazwa kuwa jitu kutoka Uganda na kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Mnamo Agosti 29, 1992, alipambana na Undertaker katika uwanja wa Wembley, London, na baadaye kanda ya pambano hilo ikatufikia. Jitu hilo lilipakwa rangi usoni, likatembea miguu mitupu na kupiga makofi tumboni mwake. Mzee mmoja wa Kiluhya aliyekuwa na jamaa ng'ambo ya mpaka alimtazama kwa makini, kisha akatangaza, "Huyu si wa Uganda. Wa Uganda angalikuwa amevaa kanzu." Tuliangua kicheko. Mzee alisema kweli: Kamala alikuwa James Harris, mzaliwa wa jimbo la Mississippi, na alifariki Agosti 2020. Wamarekani wengi waliamini kwamba Afrika ndiyo ile. Sisi tulioonyeshwa sura yetu wenyewe ikiwa imepotoshwa tulijifunza kuuliza: ni nani anayenufaika nikiliamini hili?

Katika daftari langu nilichora safu tano. Tarehe, wapinzani, mshindi, alama juu ya kumi, na safu ya mwisho niliyoiita "sababu ya ugomvi". Safu hiyo ndiyo iliyonifunza kuhakiki. Baada ya mwaka mmoja niliona kwamba maadui wa Januari walikuwa marafiki mwezi wa Juni, na kwamba sababu zilizoandikwa hazikutosha kueleza mageuzi hayo. Sababu halisi ilikuwa nje ya ulingo: mkataba unaokwisha, tiketi zisizouzika, mwenye kampuni anayetaka sura mpya. Usiku wa Mei 19, 1996, pale Madison Square Garden, New York, wanamieleka wanne waliokuwa wakiuziwa umma kama mahasimu walikumbatiana ulingoni mbele ya watazamaji, kwa kuwa wawili wao, Kevin Nash na Scott Hall, walikuwa wakihamia kampuni nyingine. Shawn Michaels na Triple H walikuwa wakiwaaga. Mashabiki walipigwa na butwaa. Lakini waliondoka ukumbini na nyumba zao walizikuta zikiwa zimesimama.

Hapa ndipo linapoanza jambo langu la leo.

Soma ukurasa wowote wa siasa katika magazeti ya Kiswahili. Wagombea "humenyana". Mmoja "humbwaga" mwenzake, au "humgaragaza". Vyama "hupigana mieleka", na wote wamo katika "ulingo wa siasa". Waandishi wetu hawakukosea kuchagua istilahi hizo. Walichoacha kumwambia msomaji ni kwamba katika mieleka hii pia maadui hukumbatiana.

Kuanzia Oktoba 1991 hadi mwaka 1992, mapigano ya kikabila yalizuka katika Bonde la Ufa, yakafika mipaka ya Kericho na Kisumu, na ya Sotik na nchi ya Wakisii. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalirudi kwa ukali zaidi. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, wafanyakazi waliotoka jamii nyingine walivamiwa katika nyumba zao, na zana zikiwa za mkononi, na wavamizi wengine wakiwa watu waliojuana nao. Mabenchi yale ya chumba cha video yaligawanyika. Jamaa wa Kisii aliyekaa kando yangu miaka yote, shabiki mkubwa wa Undertaker, aliondoka Januari 2008 na mkewe, watoto na godoro moja.

Kisha nini? Mnamo Februari 28, 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba mbele ya Jumba la Harambee, Kofi Annan akiwa msuluhishi. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto, waliokuwa pande zinazopingana mwaka 2007, waligombea pamoja wakashinda. Mnamo Machi 9, 2018, Uhuru na Raila walisalimiana mbele ya jumba lile lile la Harambee. Mnamo Machi 7, 2025, Ruto na Raila, waliomenyana mwaka 2022, walitia saini makubaliano katika jumba la KICC. Miezi saba baadaye, Oktoba 15, Raila akafariki. Silaumu maamkuzi hayo. Heri amani ya wakubwa kuliko vita vya wadogo. Ninalouliza ni hili: ikiwa ugomvi uliweza kumalizwa kwa kalamu, mbona aliyehama na godoro hakurudishiwa nyumba? Mwaka ule ule wa 2018, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilitupilia mbali kesi ya baadhi ya wahanga wa mashamba ya chai, ikiamua kwamba kampuni mama haikuwa na wajibu wa kisheria kwao. Wakubwa waliamkuana Machi. Wachuma chai wakashindwa Julai.

Rafiki yangu mmoja wa somo la siasa ananionya kwamba mlinganisho huu una hatari. Ananiambia kwamba siasa haina mwandishi mmoja anayeketi nyuma ya pazia akipanga nani ashinde, na kwamba mwananchi akiamini kila kitu ni mchezo, atakata tamaa asipige kura. Nakubaliana naye katika la kwanza. Sidai kwamba wakubwa wetu hupanga uadui wao mapema. Nadai kwamba uadui wao una faida kwao unapodumu na una faida kwao unapokwisha, ilhali kwetu una hasara kotekote. Na wala haya si ya viongozi pekee. Waliobeba mishale na viberiti walikuwa wananchi wenzetu, wenye akili timamu, na hawawezi kujificha nyuma ya jukwaa la mtu.

La pili silikubali. Mpenzi wa mieleka hakati tamaa kwa kujua mchezo ulivyo. Hushangilia hata sauti ikamkauka. Lakini hamchomi moto anayeshangilia upande wa pili, kwa sababu anajua kwamba wawili walio ulingoni wataondoka na malipo yao. Tulifanya hivyo kila Jumamosi, Mkipsigis akimzomea staringi wa Mkisii, kisha wakimulikiana njia kwa tochi moja. Hatukuwa malaika. Tulikuwa tumeelewa aina ya kitu tulichokuwa tukikitazama.

Kanda nazo zina kazi yake. Mkusanyaji wa kanda ni mtu msumbufu. Ukimwambia kwamba fulani hajawahi kumsaliti mwenzake, huinuka, hutoa kanda, huonyesha tarehe. Hata maandishi ya kibandiko humwambia kitu: kanda yenye herufi WWF ni ya kabla ya Mei 2002, kwa maana baada ya hapo kampuni ililazimika kubadili jina na kuwa WWE, ikiwa imeshindwa kesini na shirika la uhifadhi wa mazingira lenye herufi hizo hizo. Siasa zetu hustawi kwa kuwa hatuna mkusanyaji wa namna hiyo katika kila kijiji. Nani ameweka hotuba zilizotolewa Kapkatet, Sotik au uwanjani Kericho mwaka 2007, na tena 2013, 2017 na 2022, azioanishe safu kwa safu? Vijana wana simu zinazorekodi kila kitu, na bado hufuta kila kitu ili wapate nafasi ya kingine.

Vijana hao wana ghadhabu ya haki. Mashine za kuchuma chai zimeondoa mikono mingi mashambani, na Mei 2023 baadhi yake ziliteketezwa huko Kericho. Kijana asiye na kazi ndiye atakayetafutwa kwanza na mwenye kutaka kuwasha ugomvi. Namwomba, kabla hajaokota jiwe, ajaze safu yangu ya mwisho: sababu ya ugomvi ni nini? Je, mtu wa laini ya pili, anayechuma majani yale yale mawili na chipukizi, ndiye aliyeileta mashine?

Nimalizie kwa neno moja la Kiswahili. Kabla ulingo haujawa jukwaa la wapiganaji, lilikuwa dungu la shambani, ambapo mkulima huketi kulinda mazao yake dhidi ya ndege na wanyama. Aliyekuwa juu ya ulingo alikuwa mlinzi, na aliyezungukazunguka chini ndiye aliyetazamwa. Tumegeuza neno, na pamoja nalo tumegeuza nafasi zetu. Ingefaa tuirudie maana ya zamani.

Nilipokuwa nikipanga kanda zile, nilikuta moja yenye jina lililoandikwa kwa kalamu ya wino. Lilikuwa jina la yule jamaa wa Kisii. Nilimwonyesha mjane. Akasema, "Hiyo si yetu. Mwenyewe aliiacha hapa, na mzee alikataa kuiuza. Alisema atakuja kuichukua." Marehemu aliiweka hadi alipokufa. Sasa ninayo mimi, na ninamtafuta mwenyewe.